Bakuli la kutetemesha vifuniko: miezi minane kwenye karakana yetu ya asali, Tabora

Hapa Ipuli tunachuja na kufungasha asali ya Sikonge na Urambo. Zamani binti mmoja alishinda kutwa akigeuza vifuniko vya chupa na kuvipanga kwenye reli, kimoja kimoja. Ndipo nikaagiza bakuli hili la mtumba kutoka Dar es Salaam. Unamimina vifuniko, vinapanda njia ya mzunguko ukingoni kwa kurukaruka. Kilichopinduka kikifika kwenye pengo kinaangukia tena chini, kilichokaa sawa kinaendelea hadi kwenye chupa.

Siku ya kwanza nusura nilie. Vifuniko vilicheza palepale, havikupanda hata shubiri. Muuzaji akaniambia kwenye simu, "Umeme ni umeme, mama, ongeza tu." Nikaongeza swichi ya kasi mpaka mwisho, koili ya sumaku inayotetemesha bakuli ikachemka hadi nikasikia harufu ya vanishi.

Aliyeniokoa ni fundi wa kusuka mota. Alifuta vumbi kwenye kibati chenye maelezo ya mashine: volti 220, hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Mashine ni ya Korea Kusini, kule umeme ni hezi 60. Wetu ni 50. Sumaku huvuta mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, kwa hiyo bakuli lililotegwa kwa mitetemo 120 kwa sekunde lilikuwa linapata 100, na springi zake zilikuwa ngumu mno kuitikia. "Dada, tatizo si koili, ni hizi bapa," akasema. Akapunguza bapa moja ya springi kila mguu, akawasha, akarudisha moja, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Vifuniko vikaanza kupanda kwa mstari kama siafu. Swichi ya kasi sasa haivuki katikati, na koili unaishika kwa mkono.

Mengine ni ya kawaida. Umeme ukishuka jioni mwendo unalegea, hivyo tumeweka stebilaiza. Stendi lazima ifungwe kwenye sakafu ya zege, la sivyo meza ndiyo inayotetemeka. Na tone la asali likiingia bakulini, vifuniko vinagandana. Tunaosha kwa maji ya uvuguvugu kila jioni na kukausha.

Kwa kazi yenyewe naipenda sana. Yule binti sasa ndiye anayepima maji kwenye asali, kazi inayohitaji macho yake. Nataka bakuli la pili la vifuniko vikubwa, na safari hii sitatuma hela kabla ya kuletewa picha ya kibati.