Agribon AG-19 na AG-30: kipi kiifunike miche yako usiku wa sakitu ya Mei?

Mei katika majimbo ya Maine na Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ni mwezi mgumu kuuelewa. Mchana joto linafika nyuzi 20 za Selsiasi, miche ya nyanya imerefuka shingo dirishani, na mkulima aliyekulia Uvira au Kigoma anaona wakati umefika. Anaitoa nje. Usiku wa tatu mbingu inakuwa nyeupe kwa nyota, upepo unatulia, na alfajiri majani yamelala kama mchicha uliochemshwa: yamelegea, meusimeusi, yanachuruzika maji. Wenyeji wa Makete, Njombe na Kinangop wanaijua sakitu vizuri, lakini ya kwao huja na kiangazi. Hii ya huku huja msimu wa kupanda ukiwa ndio unafunguliwa.

Wazee wa New England, kanda ya kaskazini-mashariki ambamo Maine imo, husubiri hadi Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, ndipo wapande nyanya. Ni ushauri mzuri, ila una gharama. Baridi hurudi mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na nyanya chungu, pilipili na bamia hutaka siku nyingi za joto kabla ya kuzaa vya kutosha. Wiki mbili au tatu za mwanzo zina thamani, na ndizo Agribon, kitambaa cha kufunikia miche, kinazokununulia.

Agribon ni kitambaa cheupe chepesi cha nyuzi za polipropilini zilizobanwa pamoja bila kufumwa. Maji ya mvua yanapita, hewa inapita, mwanga unapita. Namba inafuata uzito: AG-19 ina takriban gramu 19 kwa mita ya mraba, AG-30 ina gramu 30. AG-19 hupitisha mwanga kama asilimia 85 na hukinga hadi nyuzi 28 za Fahrenheit, yaani chini kidogo ya -2 Selsiasi. AG-30 hupitisha asilimia 70 na hukinga hadi nyuzi 24 au 26, sawa na -3 hadi -4. Hayo ni makadirio ya usiku mtulivu na kitambaa kilichofungwa vizuri. Kingo zikiachwa wazi, namba hizo hazina maana.

Wengi hukimbilia AG-30 kwa kuwa ni nzito. Sisi tunapendelea AG-19, vipande viwili. Sababu ni kwamba usiku wa baridi kali ni wachache, lakini siku za mwanga hafifu chini ya kitambaa kizito ni nyingi, na mche unaonyimwa mwanga hurefuka ukawa dhaifu. Kwa AG-19 unaweka tabaka moja siku za kawaida, na utabiri ukitisha unaongeza la pili jioni na kulitoa asubuhi. Matabaka mawili hupunguza mwanga hadi kama asilimia 72, ila usiku hilo halina hasara. AG-30 inamfaa mtu ambaye bustani yake iko mbali, labda kiwanja cha pamoja cha kukodi, naye hawezi kwenda kufunika na kufunua kila siku.

Kazi yenyewe inahitaji hesabu kidogo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kipande kinachouzwa sana kina upana wa inchi 83, karibu mita 2.1, na urefu wa futi 50, yaani mita 15. Chukua tuta lenye upana wa sentimita 75 na urefu wa mita 12. Kata waya mnene wa mabati, ule wa namba 9, vipande vya mita 1.6, uvipinde viwe matao. Kila mguu uzamishe ardhini sentimita 20. Inabaki mita 1.2 juu ya udongo, na tao linasimama kama sentimita 38. Matao yakiwa kila baada ya mita 1.2 utahitaji 11. Kitambaa kikishapita juu ya tao kinabakiza sentimita 45 kila upande za kukandamiza chini, na mita moja na nusu kila mwisho wa tuta za kukunja na kufunga. Ukilifanya tuta kuwa pana zaidi, upande mmoja hautafika chini, na upenyo wa kiganja tu unatosha kumwaga joto lote lililokusanywa.

Matao si ya urembo. Kitambaa kikilala juu ya majani, jani linalokigusa huganda kwanza, kwa sababu kitambaa chenyewe ndicho kinachopoa kuliko vyote. Sukuma wiki inavumilia kulaliwa; nyanya na pilipili huchanika ncha upepo ukikisugua.

Kukandamiza tumia mifuko ya mchanga ya kilo 4 au 5, mmoja kwenye mguu wa kila tao pande zote mbili, na miwili kila mwisho: jumla 26. Mawe yenye ncha yanatoboa, na vigingi hutoboa tundu ambalo upepo hulipanua hadi kipande kikatatuka. Ukikosa mifuko, fukia kingo kwa udongo, ingawa kufungua kila asubuhi kutakuchosha.

Sasa jambo ambalo halijaandikwa kwenye pakiti. Kitambaa hakitengenezi joto. Kinachohifadhi ni joto ambalo udongo ulilinywa mchana. Kwa hiyo mwagilia asubuhi au mchana wa kuamkia usiku wa hatari, maana udongo wenye unyevu hubeba joto jingi kuliko udongo mkavu. Ondoa matandazo ya majani makavu karibu na miche, kwani yanaziba joto lisipande. Kisha funika saa 10 au 11 jioni jua likiwa bado linagusa tuta. Anayefunika saa 3 usiku baada ya kuona tangazo kwenye simu amefungia baridi ndani.

Kuhusu matangazo: National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, hutoa "Frost Advisory" (tahadhari ya sakitu) inapotarajia nyuzi 33 hadi 36 za Fahrenheit, na "Freeze Warning" (onyo la kuganda) inapotarajia 32 kushuka chini. Watu huuliza vipi mche uungue kwa nyuzi 35 ilhali maji huganda kwenye 32. Kipimajoto cha kituo kinakaa mita moja na nusu hadi mbili juu ya ardhi. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi ni nzito, inazama na kulala chini, na pale miche ilipo huwa pungufu kwa nyuzi kadhaa. Bustani iliyo bondeni ina hali mbaya zaidi ya ile ya mteremkoni. Tunashauri ufunike utabiri unapotaja 38, na uweke kipimajoto chako kwenye usawa wa mche, kimoja ndani na kimoja nje. Siku tatu za kusoma vipimajoto hivyo zitakufundisha bustani yako kuliko ramani yoyote.

Kuna usiku ambao AG-19 haitakusaidia sana: ule wa upepo mkali kutoka kaskazini, baridi ikija na hewa yenyewe badala ya joto kutoka ardhini kupotea. Upepo unalipeperusha joto kupitia vitundu vya kitambaa. Hapo rudisha ndani miche iliyo kwenye vikopo, na ile ya ardhini iongezee blanketi juu ya matao.

Kasoro za mchana nazo zipo. Jua likiwaka, chini ya kitambaa joto linapanda upesi. Likizidi 30 Selsiasi fungua miisho ya tuta. Maboga na matango yakitoa maua ondoa kabisa, nyuki hawapiti. Na usifunike tuta ambalo mwaka jana lilikuwa na vidudu vidogo vyeusi vinavyorukaruka na kutoboa majani ya kabichi na nyanya chungu: vitaamka kutoka udongoni vikute chakula kimewekewa uzio.

Mpinzani wake mkubwa madukani ni Wall O' Water, pete ya plastiki yenye mirija 18 ya maji, urefu wa sentimita 45, inayobeba kama lita 11 na kuzunguka mche mmoja. Kwa nguvu ya kukinga inashinda, maana maji yanapoganda hutoa joto jingi, na mtengenezaji anataja hadi nyuzi 16 za Fahrenheit. Kwa miche minne ya nyanya ni chaguo bora. Kwa tuta la lenga-lenga, yaani mchicha, haiwezekani. Ukiitumia, funika mche kwa ndoo iliyogeuzwa, panga pete kuzunguka ndoo, jaza mirija, ndipo uvute ndoo juu. Bila ndoo, plastiki tupu huangukia mche na kuuvunja. Mrija unaovuja huinamisha pete yote, hivyo kagua kila wiki.

Shuka kuukuu linafaa usiku mmoja, likilowa linaelemea. Karatasi ya nailoni ndiyo tusiyoipendekeza hata kidogo: inapitisha nje mionzi ya joto la ardhi, na asubuhi jua likitoka inaunguza ulichokiokoa.

Sakitu ikiwa imeshapiga, usiguse majani yaliyoganda wala usikate kitu siku hiyo. Nyanya hungoja siku nne au tano, mara nyingi huchipua kwenye makwapa ya chini. Mahindi yenye majani chini ya matano hurudi, kwa kuwa kitovu cha ukuaji bado kiko ardhini. Maharage yaliyoungua hadi chini ya majani yale mawili mazito ya mbegu hayarudi; panda upya siku hiyohiyo udongo ukifika nyuzi 15 za Selsiasi. Na kitambaa, mwezi Juni ukiingia, kikaushe kabisa kabla ya kukunja na ukihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko mahali penye giza. Jua hukichakaza na panya hupenda kukifanya kiota, lakini kikitunzwa AG-19 hufika msimu wa pili, pengine wa tatu.