Spana maalumu za gari: ipi inunuliwe kwanza

Seti ya kawaida ya spana namba 8 hadi 19 inatosha kwa kazi nyingi za Vitz, IST au Probox. Zinabaki nati chache ambazo ukizilazimisha kwa spana isiyo yake, hasara inazidi bei ya spana yenyewe mara kadhaa. Kwa hiyo mpangilio huu unafuata kitu kimoja tu: spana inakuokoa na hasara gani. Vipimo ni vya Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, ambazo zimejaa barabarani kwetu; kwa gari jingine, fuata kitabu chake.

1. Toki renchi

Hii ni spana ya kukazia nati kwa kipimo ulichoiwekea, nayo ndiyo ya kwanza, hata kama fundi wako anasema mkono wake unajua. Nati za magurudumu za Toyota hizi hukazwa kwa Nm 103 (Nm ni newtonmita, kipimo cha mkazo). Fundi akisimama juu ya wili spana anapita hapo kwa mbali: stadi (bolti inayoshika nati ya gurudumu) inavutika, uzi unachoka, na siku ya pancha nati haifunguki au stadi inakatika. Bolti ya kumwagia oili (kichwa cha 14) inataka karibu Nm 37 tu. Ikikazwa kupita kiasi mara kwa mara, uzi wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) unaliwa na oili inaanza kudondoka.

Nunua ya kulia "klik", mraba (ncha inayoingia kwenye soketi) wa nusu inchi, inayoanzia kati ya Nm 30 na 40 na kufika 200. Usiitumie kwenye ncha ya chini kabisa ya kipimo chake, maana huko haiaminiki; kwa hiyo bolti ya oili inataka toki renchi ndogo zaidi. Vuta taratibu ukiwa umeshika katikati ya mpini. Ikilia mara moja, acha. Wanaoilizia mara tatu "kwa uhakika" wanaongeza mkazo. Usifungulie nati kwa toki renchi, na usipake grisi kwenye uzi wa stadi: msuguano ukipungua, Nm 103 zilezile zinaivuta stadi kupita kiasi. Ukimaliza, irudishe kwenye namba ya chini ya kipimo chake ndipo uihifadhi, springi isichoke.

Za bei rahisi zimejaa madukani, na nyingine husoma uongo. Ijaribu. Bana mraba wake kwenye jiliwa, mpini ulale sawa na ardhi, kisha tundika ndoo yenye lita 20 za maji sentimita 40 kutoka katikati ya mraba. Ishushe polepole, usiiachie ghafla. Ukijumlisha uzito wa ndoo na wa mpini, mkazo unakuwa kwenye Nm 80 na kitu. Ukiiweka 75 lazima ilie. Ukiiweka 95 isilie. Ikishindwa, irudishe dukani.

2. Spana ya nati za paipu za breki

Watu wengi huisahau, nasi tunaiweka juu kwa sababu inagusa breki. Ni kama spana ya ringi iliyokatwa mlango mdogo wa kupitishia paipu. Spana ya mdomo inashika pande mbili za nati. Hii inashika karibu zote. Nati hizi ni laini na huota kutu, zikiviringika huna la kufanya ila kukata paipu, kutengeneza mdomo mpya na kutoa hewa upya. Magari ya Kijapani mengi hutumia 10, ya Ulaya mara nyingi 11, hivyo moja ya 10 kwa 11 inatosha. Kabla ya kununua, tazama unene wa kichwa: chembamba kinafunguka mlango ukivuta kwa nguvu. Safisha nati kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kulegeza kutu, subiri.

3. Soketi ya plagi

Ya 16, ndefu, yenye sumaku au mpira ndani wa kushika plagi. Baadhi ya injini mpya huchukua 14, uliza kwanza. Plagi ianze kuingia kwa vidole kupitia ekstensheni, bila raketi. Ikigoma, itoe uanze upya. Uzi wa kichwa cha injini cha aluminiamu ukiharibika, gharama yake si ya mchezo.

4. Kikombe cha filta ya oili

Kwa filta ndogo za Toyota tafuta cha milimita 65 chenye pande 14, lakini nenda dukani na filta yako ukapime: kikikaa kwa kulegea, kitateleza. Kinashinda ile tabia ya kutoboa filta kwa bisibisi, ambapo bati linachanika na kitako kinabaki kimeng'ang'ania injini. Ni cha kufungulia tu. Filta mpya hukazwa kwa mkono: paka oili kwenye mpira wake, zungusha hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko.

5. Soketi ya sensa ya oksijeni

Namba 22, yenye ufa wa kupitisha waya wa sensa (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa gari). Azima. Utaihitaji mara chache mno, labda uwe na gereji.

Spana malaya haimo kwenye orodha. Iache kwa mabomba ya maji. Kwenye nati ya gari mdomo wake unalegea na kula kona.