Tokyo Wan Aqua-Line: nzuri, ila ukiwa na kadi ya ETC

Ukikodi gari Tokyo na safari yako ni ya upande wa Chiba, ng'ambo ya ghuba, pita barabara hii ya kulipia, lakini kwanza waulize wenye gari kama wanakupa kadi ya ETC, ile ya kulipia tozo za barabara kielektroniki. Ukiwa nayo, gari dogo siku za kawaida linalipa yeni 800. Ukilipa taslimu, ni zaidi ya yeni 3,000 kwa barabara ileile.

Hiyo ETC wengi wetu tunaijua bila kujua. Ni yule mama wa kwenye magari ya mtumba kutoka Japani anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari. Kumbe anachodai siku zote ni kadi! Huku Japani unaichomeka kwenye kifaa chake garini, unapunguza mwendo getini, kizuizi kinainuka, unapita bila kusimama.

Barabara ina urefu wa kilomita 15, inakata Ghuba ya Tokyo kutoka Kawasaki, upande wa Tokyo, hadi Kisarazu, upande wa Chiba. Kabla haijafunguliwa Desemba 1997, ulikuwa uvuke kwa feri au uizunguke ghuba nzima, kama kilomita 100. Ujenzi ulikula zaidi ya yeni trilioni 1.4, na tozo ya mwanzo ikawa yeni 4,000. Nani angelipa hiyo kila siku? Magari yalikuwa machache mno kuliko walivyotarajia. Mwaka 2000 wakashusha hadi 3,000, ila kilichoiokoa hasa ni ile bei ya 800 iliyoanza 2009, mkoa wa Chiba ukichangia gharama.

Ukitokea Kawasaki unazama kwenye handaki la kilomita 9 na nusu hivi. Upande huo daraja lisingefaa: meli kubwa zinapita kutwa, na uwanja wa ndege wa Haneda uko jirani. Mle ndani ni taa na ukuta tu, inachosha. Halafu ghafla unaibukia juani, Umihotaru, kisiwa cha kutengenezwa chenye maegesho, maduka na migahawa. Simama hapo. Panda juu kabisa uangalie ulikotoka: baharini utaona mnara wenye mistari ya bluu na nyeupe, ndio unaopitisha hewa ya handaki. Mbele yako daraja la kilomita 4.4 linakwenda hadi Kisarazu, na hiyo ndiyo sehemu tamu ya safari. Upepo ukizidi hulifunga, kwa hiyo angalia taarifa kabla ya kutoka.

Nyota moja naikata kwa sababu ya foleni ya wikiendi, watu wanaporudi Tokyo. Mwaka 2023 walianza kutoza yeni 1,200 kuanzia saa saba mchana hadi saa mbili usiku kwa wanaorudi, na 600 baada ya hapo. Bei hizo hubadilishwa, zikague. Jumapili mimi nakula chakula cha jioni Kisarazu, natoka saa mbili ikishapita.