Dodoso la Kujaza au Maswali ya Ana kwa Ana?
Mgonjwa anaweza kuulizwa kuhusu makazi, chakula, usafiri na usalama wa nyumbani kwa kujaza dodoso kabla ya kumwona daktari, au kwa kuzungumza na muuguzi. Dodoso huokoa muda na humsitiri anayeona haya kukiri kwamba chakula huisha kabla hajapata fedha za kununua kingine, au kwamba hupigwa na mwenzi wake, ingawa sitara hiyo hutoweka mwenzi huyo akiketi kando yake. Mazungumzo humfaa asiyejua kusoma, tena hubainisha kama mgonjwa anataka kusaidiwa, kwani si kila mwenye shida huomba msaada. Ningeanza na dodoso, kisha muuguzi azungumze faraghani na kila aliyeonyesha uhitaji, mradi kituo kiwe na mahali pa kumwelekeza.