Kulanti ya waridi iliyochanganywa tayari: kwa gari la Malindi, naipa nyota nne

Kulanti hii, yaani maji ya kupozea injini, nimeitia kwenye Probox yangu, ile ninayobebea wageni kwenda Marafa na geti la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, na nitainunua tena. Rangi yake hainihusu, kwani kila kiwanda kina rangi zake. Nilichokilipia ni kwamba imeshachanganywa na maji, haitaki maji yangu.

Anayeishi Malindi ananielewa. Visima vyetu vingi vina chumvi. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika, ndio huohuo unaoziba vijia vya rejeta, na chumvi nayo inakula alumini. Kijana wa duka la spea alinishikisha kwanza ile ya kijani, nzito, ya kuzimua mwenyewe. "Hii rahisi, mama, unatia maji tu." Nikamuuliza, maji gani, mwanangu? Akacheka, akanishushia mtungi wa waridi. (Ile ya kijani si mbaya, ukiizimua nusu kwa nusu kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi. Ila ukijumlisha na bei ya maji hayo, unafuu unapungua.)

Kazi niliifanya mwenyewe uani, Maweni, asubuhi, gari likiwa limepoa usiku kucha. Hapo sina mzaha: ukifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, maji yanakurukia usoni. Chini ya rejeta kuna koki ya plastiki. Ilegeze kwa mkono, usiikamie kwa koleo, itakatika. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya kutu. Aliyeniuzia gari hakuwa na habari ya kulanti. Nikajaza maji ya betri, nikawasha mpaka injini ikapata moto, nikaiacha ipoe, nikamwaga, nikarudia hadi yakatoka meupe.

Kwenye kumimina ndipo mtungi huu uliponiudhi. Mdomo wake hauna bomba, unatapika kwa mikupuo, na bila faneli utaiogesha injini nzima. Nayo inataka kumiminwa polepole, maana hewa ikikwama ndani, injini inaweza kuchemsha hata kama rejeta inaonekana imejaa. Niliacha kifuniko wazi, nikawasha gari, nikafungulia hita ya ndani mpaka mwisho. Hita, Malindi, msimu wa kaskazi! Jirani alidhani nimechanganyikiwa. Lakini ndivyo kulanti inavyozunguka hadi kwenye vipaipu vya hita na kuitoa hewa iliyojificha huko. Nikawa naibanabana hozi ya juu, mapovu yakitoka. Temostati, ile vali inayoiachia kulanti ipite injini ikipata moto, ilipofunguka, kiwango kikashuka, nikaongeza. Feni ilipowaka ikazima, nikafunga. Mtungi wa lita 4 haukutosha, kwa hiyo panga kununua miwili. Itakayobaki ni ya kuongezea kwenye kitanki cha akiba.

Karatasi ya mtungi inajisifu kwamba haigandi kwenye baridi kali. Asante, ila barafu tunayoijua sisi ni ya kuwekea samaki. Linalotufaa ni upande wa pili: maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100, mchanganyiko wa nusu kwa nusu hufika kama 107, na kifuniko cha rejeta kikibana vizuri hupita 120. Barabara ya Lango Baya, ile ya kwenda Sala, saa saba mchana, gari limejaa, eisi iko juu kabisa, hapo ndipo unapoiona faida yake. Haijachemsha, na kitanki hakijapungua.

Kwa muda wa kukaa, Toyota wanasema ya kwao ya waridi, ile inayotoka na gari kiwandani, hubadilishwa kwenye kilomita 160,000, halafu kila 80,000. Gari likishapita mikono ya watu usilihesabie hivyo, anza upya.

Yaliyomwagika yakinge kwa beseni, usiyaache uani wala kuyamwaga mtaroni. Yana ladha tamu na ni sumu, na paka na mbuzi wa mtaani hawasomi maandishi ya mtungi.

Bei ni karibu mara mbili ya ile ya kijani. Hilo nimelimeza. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya ule mdomo. Ukienda dukani, tazama sili chini ya kifuniko kabla hujalipa. Mtungi uliofunguliwa uache hapohapo, hata ukipunguziwa.