Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS: tathmini ya mzazi anayetafuta mahali pa kuweka mkono wa Idi

Kila Idi inapopita, nyumba nyingi za Unguja, Pemba, Tanga na Dar es Salaam hubaki na swali ambalo ni la aibu kidogo kulizungumza mbele ya wageni: noti alizopewa mtoto wa miaka mitatu, ambaye hajui hata kuzihesabu, zifanywe nini? Mtoto huyo amepita kwa bibi, kwa shangazi, kwa mjomba na kwa majirani wawili au watatu, na jioni mfuko wa kanzu yake una shilingi elfu thelathini au arobaini. Usiku anapolala mama huzitoa, huzikunja na kuzitia kabatini, na kufikia mwisho wa mwezi zimekwisha kwenye gesi na unga bila mtu yeyote kukumbuka siku zilipotumika. Tathmini hii inahusu huduma moja ambayo imekuwepo kwa miaka mingi na ambayo wazazi wengi bado hawajaifikiria kwa fedha za aina hii, nayo ni Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, taasisi ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Kwa maoni yangu ni huduma nzuri sana kwa sehemu fulani ya fedha hizo, haifai kwa sehemu nyingine, na haina faida yoyote kwa mzazi ambaye moyoni mwake hajakubali kwamba fedha ni za mtoto.

Nianze na huduma yenyewe. UTT ilianzishwa na Serikali mwaka 2003, mfuko wake wa kwanza wa Umoja ukafunguliwa mwaka 2005, na Mfuko wa Watoto ukafuata mwaka 2008. Mtu mzima hununua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, kwa niaba ya mtoto ambaye hajafikisha umri wa miaka 18, na jina la mtoto huandikwa kuwa la mnufaika. Kiwango cha kuanzia ni shilingi 10,000, na baada ya hapo mtu huongeza kidogo kidogo kadiri anavyopata, jambo linalolingana vizuri na fedha za zawadi ambazo huja kwa vipindi na kwa viwango visivyotabirika. Fedha za wawekezaji wote huunganishwa na kuwekwa katika hisa za kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, katika hatifungani, yaani mikopo inayotolewa kwa Serikali au kampuni, na katika amana za benki, na thamani ya kipande hutangazwa ili kila mtu ajue alichonacho kina thamani gani siku hiyo. Mwekezaji anaweza kuziacha fedha zikue hadi mtoto awe mkubwa, au kuchagua utaratibu wa malipo ya kusaidia gharama za masomo. Shughuli zote husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Jambo ninalolithamini kuliko yote katika utaratibu huu ni jina la mtoto kuandikwa, kwa sababu hilo ndilo linalogusa kiini cha suala zima. Waislamu wa mwambao, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, tumefundishwa kwamba mtoto mdogo anaweza kumiliki mali ingawa hawezi kuitumia mwenyewe, na kwamba zawadi aliyopewa hupokelewa na walii (msimamizi) wake kwa niaba yake, yaani walii huishika bila kuimiliki. Aya za Surat An-Nisaa zinazohusu mali za mayatima humruhusu msimamizi aliye fukara kula kwa kadiri inayokubalika, humtaka aliye tajiri ajizuie, na huagiza kwamba siku ya kukabidhi mali kuwepo na mashahidi. Aya hizo zinawahusu mayatima, lakini sioni vipi mtu aliyezisoma anaweza kusema kwamba mtoto mwenye wazazi wawili hai ana haki ndogo zaidi juu ya elfu mbili aliyotiwa kiganjani na bibi yake.

Wazazi wanaopinga hoja hii si watu wabaya, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Husema kwamba mkono wa Idi ni mzunguko: mimi nimewapa watoto wako watano, wewe umewapa wangu watatu, kwa hiyo fedha zinazoingia nyumbani kwangu ni zile zile nilizotoa. Hesabu hiyo ni ya kweli kama hesabu, lakini inasahau nia ya mtoaji. Shangazi aliyetoka Ng'ambo hadi Mji Mkongwe na noti mpya alizozibadilisha makusudi hakuja kunilipa deni, bali alikuja kumfurahisha mtoto wa kaka yake, na kama angetaka kunisaidia mimi angeniita pembeni. Wengine huitaja hadithi isemayo kwamba mtu na mali yake ni vya baba yake, lakini wanazuoni wengi hawakuichukulia kuwa ruhusa ya baba kubeba anachotaka, bali waliifunga kwenye haja ya kweli na kwenye kutomdhuru mtoto. Ikiwa nyumba haina chakula, hakuna atakayemlaumu mzazi kwa kununua unga kwa fedha za mtoto ambaye naye ataula ugali huo. Kinacholaumiwa ni kuzitumia kwa vocha za simu na kitambaa cha harusi, kisha mtoto akiuliza akaambiwa asiwe na tamaa.

Si kila fedha inayokuja kwa jina la mtoto ni ya kuwekwa akiba, na hapa ndipo wauzaji wa huduma hizi, wa mfuko huu na wa benki pia, wangeweza kuwashauri wazazi vizuri zaidi kuliko kuwahimiza tu waweke kila kitu. Hela ya sabuni anayopewa mama aliyejifungua imekusudiwa mahitaji ya siku zile zile, kuanzia sabuni na nepi hadi uji wa mzazi, na kuipeleka kwenye vipande huku mama anaazima fedha za dawa ni kuipotosha nia ya mtoaji kwa upande mwingine. Kinyume chake, fedha ambazo mtoto hutunzwa siku ya kuhitimu Kurani, au kwa jirani zetu Wakristo siku ya komunyo ya kwanza na kipaimara, mara nyingi huwa nyingi kwa mkupuo mmoja, huja mara moja maishani, na wanaozitoa kwa kawaida hutamani zimfikishe mtoto mbali. Hizo ndizo zinazofaa hasa kwa Mfuko wa Watoto. Mkono wa Idi uko katikati, na nitaurudia.

Faida ya muda mrefu inaonekana vizuri kwa mfano wa hesabu. Tuseme mzazi anaweka shilingi 40,000 za mtoto kila mwaka kwa miaka 15, jumla 600,000. Katika akaunti inayotoa asilimia 3 kwa mwaka, fedha hizo zitafika kama shilingi 744,000. Kama zitakua kwa wastani wa asilimia 10 kwa mwaka, zitafika karibu shilingi 1,271,000. Asilimia 10 ni dhana yangu kwa ajili ya mfano, wala si ahadi ya mfuko wowote, lakini asilimia 3 inakaribiana na riba ambayo akiba ya kawaida imekuwa ikipata katika benki zetu. Kwa kuwa mfumuko wa bei Tanzania katika mwaka 2023 na 2024 nao ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4, fedha ya mtoto iliyokaa benki kwa muda huo kwa kweli haikukua, na pengine ilipungua kidogo.

Hata hivyo vipande hupanda na hushuka, na mzazi anapaswa kulielewa hilo kabla ya kugusa fedha ambazo si zake. Fahirisi ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa zake, ilimaliza mwaka 2020 ikiwa chini kuliko ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2015, na ingawa mfuko wenye hatifungani ndani yake hautikisiki kama hisa tupu, miaka mitano ni muda mrefu wa kusubiri kwa mtoto anayetakiwa kulipiwa ada mwakani. Amana za benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo sasa inafika shilingi milioni 7.5 kwa kila mteja katika benki moja, na kiwango hicho kinatosha mara nyingi zaidi ya fedha za zawadi za mtoto yeyote ninayemfahamu. Vipande vya uwekezaji havina kinga hiyo. Kwa sababu hiyo mtoto aliyebakiza miaka miwili au mitatu kabla ya kuzihitaji fedha ni afadhali awekewe benki, katika akaunti kama Mtoto Akaunti ya NMB au Junior Jumbo ya CRDB, na Mfuko wa Watoto uachiwe wale ambao bado wana meno ya utotoni.

Kasoro kubwa zaidi kwa sisi tunaoishi visiwani ni riba. Mfuko unaoweka fedha katika hatifungani za kawaida na katika amana za benki hupata sehemu ya kipato chake kutokana na riba, na hakuna namna ya kulificha jambo hilo kwa maneno mazuri. Mzazi Mwislamu anayejizuia na riba katika fedha zake mwenyewe hana ruhusa kubwa zaidi katika mali ya mtoto, ambayo ni amana. Kwake yeye chaguo lililo wazi ni akaunti ya misingi ya Kiislamu, iwe Amana Bank, iliyofungua milango yake mwaka 2011, au dirisha la Kiislamu la Benki ya Watu wa Zanzibar, na akubali kwamba faida ya gawio inaweza kuwa ndogo. Ningependa sana kuona UTT AMIS ikifungua mfuko wa watoto usio na riba, kwa sababu desturi ya mkono wa Idi ni ya Waislamu na ndiyo inayozalisha fedha hizi kwa wingi kila mwaka, na si haki kwamba chombo kilichokaa vizuri kiasi hiki kiwe kigumu kutumiwa na wale walio na zawadi hizo mikononi. Katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar agizo la kufanyia biashara mali za mayatima ili zaka isizimalize, kwa hiyo kukuza mali ya mtoto ni jambo jema katika dini kwa kiasi kile kile ambacho njia ya kuikuza ni ya kuangaliwa.

Kibubu cha nyumbani sikidharau. Mtoto wa miaka minne haoni kipande cha uwekezaji, lakini husikia sarafu inapoanguka ndani ya kibubu, na kwake yeye hiyo ndiyo akiba. Tatizo lake ni kwamba kila mtu mzima wa nyumba anajua kilipo, na hakuna kumbukumbu ya kilichotolewa. Ndiyo maana nyumbani kwetu mkono wa Idi tunaugawa. Sehemu moja mtoto huitumia mwenyewe siku ile ile kwenye viwanja vya sikukuu, Kariakoo ya Unguja au Tibirinzi kwa walio Chake Chake, akinunua aiskrimu, pembea na kigari cha plastiki kitakachovunjika kabla ya magharibi, na hatumkatazi, kwa sababu aliyempa alitaka acheke siku hiyo. Sehemu inayobaki huhesabiwa mbele yake, hata kama haelewi, huandikwa katika daftari pamoja na jina la aliyetoa, kisha hupelekwa mahali penye jina lake. Wakubwa wao, waliofika darasa la tatu au la nne, husomewa daftari hilo na kuonyeshwa salio, na nimeona jinsi maswali yao yanavyobadilika kutoka "nitanunua nini" hadi "mbona mwaka jana ilikuwa kidogo".

Kwa mzazi anayetaka kuanza, ushauri wangu wa kiutendaji ni mfupi. Aulize kabla ya kusaini nani ana mamlaka ya kuuza vipande mtoto akiwa bado mdogo, nini kitatokea mwekezaji akifariki, malipo huchukua siku ngapi za kazi tangu ombi linapopokelewa, na mtoto anapofikisha miaka 18 ni hatua gani hufuatwa ili akabidhiwe. Asiandike mtoto mmoja kwa niaba ya ndugu zake wote, kama baadhi ya familia zinavyofanya ili kupunguza usumbufu, kwa kuwa wakikua hesabu hiyo huleta ugomvi ambao hakuna daftari litakaloutatua. Na mjomba au shangazi aliye mbali, awe Muscat au London, anaweza kuulizia namna ya kumnunulia mtoto vipande badala ya kumtumia mzazi fedha kwa simu, maana fedha iliyopita kwenye simu ya baba tayari imeshachanganyika na ya umeme.

Nauweka Mfuko wa Watoto mbele ya akaunti za kawaida za benki kwa fedha za mkupuo na kwa watoto walio chini ya miaka minane hivi, ilimradi familia haina pingamizi la riba. Kwa mwenye pingamizi hilo nauweka nyuma ya akaunti ya Kiislamu bila kusita. Kwa hela ya sabuni siupendekezi kabisa.