Wakala wa vyuo vya nje, Posta: viza wanaijua, saikolojia bado

Kwa upande wa makaratasi, wakala huyu wa kutafutia wanafunzi vyuo vya nje, mwenye ofisi maeneo ya Posta, Dar es Salaam, anaijua kazi yake. Binti wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha sita na kutaka kusoma saikolojia Uingereza, alielekezwa vizuri lini afanye mtihani wa Kiingereza wa IELTS, lini akapime kifua kikuu, maana Mtanzania anayeomba viza ya zaidi ya miezi 6 hakikwepi kipimo hicho, na kwa nini fedha za ada na za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Dada wa ofisini anayeshughulikia viza aliipitia taarifa ya benki mstari kwa mstari, rula mkononi, akasimama penye tarehe ambayo salio lilipungua, akatuzuia tusitume maombi kwanza. Umakini huo nausifu kwa dhati.

Tulipofika kwenye somo lenyewe, ushauri ulipwaya. Mshauri alitandaza vipeperushi mezani, akasifia hosteli na maktaba, na kila swali kuhusu kozi akalijibu kwa punguzo la ada. Ilhali mwombaji wa saikolojia anapaswa kujua mapema kama shahada anayoiendea ina ithibati ya British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia wa Uingereza, kwa kuwa mafunzo mengi ya juu ya fani hiyo kule huanzia hapo. Tena aambiwe wazi kwamba shahada ya kwanza, ya miaka 3 katika vyuo vingi vya England na 4 vya Scotland, haimfanyi kuwa mwanasaikolojia tiba. Ili afike huko husoma shahada ya uzamivu, kwa kawaida miaka 3 mingine, kisha akasajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya kule. Mzazi anayeuza kiwanja Kigamboni ili alipe ada ana haki ya kuyasikia hayo kabla hajalipa hata shilingi.

Ithibati tuliihakiki wenyewe, na kozi moja kati ya zilizopendekezwa haikuwa nayo, tukaiacha. Kuhusu TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inayotathmini shahada za nje mhitimu anaporejea nyumbani, hatukusikia neno. Huduma yenyewe ni bure kwa mwanafunzi kwa sababu wakala hulipwa na vyuo, kwa hiyo orodha anayokuonyesha ni ya vyuo anavyoshirikiana navyo tu.

Anayekwenda pale kwa ajili ya saikolojia aingie na majina ya kozi alizokwisha kuzihakiki, kisha awaachie wao shughuli za benki na viza.